Manukato Yaliyohesabu Maua Yakasahau Mikono

Yako manukato ambayo mwanamke akiingia nayo ukumbini, hata aliyempa mgongo hugeuka. Si ya limau, wala si ya udi. Ni manukato ya maua meupe: asumini, langilangi na jamaa zake. Langilangi likikomaa huwa la manjano, lakini watengeneza manukato hulihesabu katika ukoo huohuo kwa sababu ya harufu yake nzito na tamu. Juma hili natupia jicho manukato mamoja ya ukoo huo yaliyotoka Paris mwaka 1930, ambayo jina lake ni Joy, yaani Furaha.

Furaha hiyo ilizaliwa katika majonzi. Oktoba 1929 soko la hisa la New York liliporomoka na matajiri wengi wa Marekani wakafilisika. Huko Paris alikuwako mbunifu wa mavazi aliyeitwa Jean Patou, ambaye wateja wake wengi walikuwa wanawake wa Kimarekani waliozoea kuvuka bahari kwenda kushonewa magauni. Baada ya msukosuko ule, safari zikapungua na magauni yakadoda. Mfanyabiashara mwingine angepunguza bei. Patou alifanya kinyume. Alimtaka fundi wake wa manukato, Henri Alméras, atengeneze kitu kizuri pasipo kujali gharama. Kisha akakitangaza kwa kiburi kuwa ni manukato ghali kuliko yote duniani.

Kampuni yake ilijigamba kwa hesabu. Ilisema kwamba wakia moja ya Joy, ambayo ni kama mililita 30, ilihitaji maua 10,600 ya asumini na dazeni 28 za waridi. Hesabu hiyo iliwaingia watu akilini kuliko picha yoyote ya mwanamke mrembo.

Na yalinukiaje? Ukiyapaka, dakika za kwanza yana ukali wa ubichi, kama shina lililovunjwa sasa hivi. Baada ya muda ukali hutulia, na waridi na asumini hufunguka pamoja hata huwezi kusema moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi. Saa kadhaa baadaye hubaki joto la msandali na la zabadi, ile harufu ya ngawa ambayo kwa karne nyingi Ethiopia iliiuza ng'ambo. Si manukato ya kujimiminia. Matone mawili, kwenye viganja na nyuma ya masikio, yanatosha. Katika joto la miji yetu ya pwani hata hayo mawili huenea haraka, na jirani yako ndani ya daladala atapata sehemu yake bila kuomba.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hawapendi kulitangaza. Ndani ya asumini imo kemikali iitwayo indoli. Kemikali hiyohiyo imo pia katika kinyesi. Ikizidi hunuka uozo. Ikiwa kidogo hulipa ua uhai, na bila hiyo asumini hunukia kama sabuni tu. Ua hilo halikuumbwa kwa ajili yetu. Hufunguka usiku na kutoa harufu kali ili kuwaita nondo, kwa kuwa gizani rangi nzuri haisaidii kitu. Weupe wake, basi, si wa upole kama tunavyodhani.

Tabia hiyo ya usiku ndiyo inayotuleta kwenye mikono. Ua lililofunguka usiku lazima lichumwe alfajiri, kabla jua halijalimaliza. Katika vilima vya mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, kazi hiyo ilifanywa zaidi na wanawake, wengi wao wahamiaji maskini kutoka Italia, waliolipwa kwa uzito. Kilo moja ya asumini ina maua kati ya 8,000 na 10,000. Mchumaji hodari hupata takriban nusu kilo kwa saa. Piga hesabu mwenyewe: yale maua 10,600 ya wakia moja ni zaidi ya saa mbili za mtu aliyeinama mashambani, ndoo kiunoni na umande miguuni. Hizo ni za asumini peke yake. Waridi bado hatujaligusa. Tangazo la Paris lilihesabu maua, halikuhesabu saa hizo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, ardhi ya Grasse ilipanda bei. Mashamba yakageuka majumba ya watalii, na asumini likahamia kwenye vibarua wa bei nafuu. Leo sehemu kubwa ya asumini la manukato hutoka Misri na India. Mwaka 2024 uchunguzi wa shirika la utangazaji la BBC ulionyesha watoto wa Misri wakiamshwa usiku kwenda kuchuma asumini pamoja na wazazi wao, kwa ujira usiotosha hata mahitaji ya siku. Karibu karne moja imepita tangu Patou ajigambe, na maua bado yanahesabiwa vizuri kuliko wachumaji.

Nasi tusidhani habari hii ni ya mbali. Langilangi, ambalo nalo limo katika Joy, ni zao kubwa la jirani zetu wa Visiwa vya Komoro. Mti wake ulitoka Asia, ukasambazwa mashambani na makampuni ya kikoloni ya Kifaransa. Wanawake huchuma asubuhi, na maua hutiwa kwenye mtambo wa kukenekea mafuta. Mafuta ya saa za mwanzo ndiyo bora, na hayo huenda kwenye manukato ya kifahari. Yanayofuata huishia kwenye sabuni. Moto wa mitambo hiyo hula kuni nyingi, na misitu ya visiwa hivyo imelipa gharama ambayo haikuandikwa kwenye chupa yoyote.

Je, Joy yenyewe iliishaje? Mwaka 2000 ilitunukiwa jina la manukato ya karne, ikaishinda hata Chanel No. 5. Lakini mwaka 2018 kampuni kubwa ya LVMH iliinunua nyumba ya Patou, na mwaka huohuo jina Joy likabandikwa kwenye manukato mengine kabisa ya Dior, ambayo ni ya kampuni hiyohiyo. Joy ya zamani ikaondoka madukani. Anayetaka kuvuta harufu ya manukato ya zamani yaliyotoweka hana budi kwenda Osmothèque, hifadhi iliyofunguliwa Versailles mwaka 1990, ambako manukato hutunzwa gizani kwenye ubaridi kama nyaraka za taifa.

Mpenzi msikilizaji, wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Patou alikuwa na chema, lakini alikitembeza kwa bei. Huku pwani, mwanamke avaaye kikuba cha asumini kifuani amenunua ua lilelile, na mara nyingi amemwona kwa macho yake mama aliyelitunga. Wakipatana bei, wanapatana uso kwa uso. Mnunuzi wa chupa hana bahati hiyo, na muuzaji wake angependa ibaki hivyo. Ukisimama dukani mbele ya chupa ya maua meupe, inuse, ifurahie, ni haki yako. Kisha umuulize muuzaji ni maua ya wapi, na aliyeyachuma alilipwa nini. Akikosa jibu leo, wakiuliza wengi atalitafuta.