Kulesa: mto ndio unaopanga nani akae wapi

Sensa ya Agosti 2019 iliwakuta watu 315,943 katika Kaunti ya Tana River. Kaunti yenyewe ina zaidi ya kilomita za mraba 35,000, hivyo ukigawa watu kwa ardhi, kila kilomita ya mraba inapata watu wasiofika kumi. Aliyeko Nairobi akiisoma hesabu hiyo ataona nchi tupu inayongoja mwekezaji. Akishuka hadi Kulesa, ng'ambo ya pilikapilika za Garsen, ataona jambo jingine: mashamba yamebanana ukingoni, kila mwembe una mwenyewe, na kipande cha bonde la mpunga kinaweza kuzua kesi ya wazee ya miaka kumi.

Kulesa ni kijiji cha Wapokomo katika Tana ya chini, jirani na Wema na Hewani. Mto unapofika hapa umeshasafiri mamia ya kilomita kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Kasi imekwisha, kazi iliyobaki ni kutambaa kwenye tambarare na kumwaga tope hadi Kipini, unapokutana na Bahari ya Hindi. Katika nchi bapa namna hii, mwinuko wa mita moja tu huamua nyumba ijengwe wapi. Ukingo, ulioinuliwa na tope la karne nyingi, ndio wenye makazi, miembe na migomba. Nyuma yake ardhi inabonyea na kupokea maji ya mafuriko, na hapo ndipo mpunga hupandwa. Ukizidi kwenda unaingia kwenye majani ya malisho, kisha nyika ya miiba. Katikati ya yote hayo kuna vipande vya msitu wa mto, makao ya mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana, kima wa aina mbili wasiopatikana kokote duniani ila kandokando ya mto huu.

Mpangilio huo ndio uliozaa sheria ya ardhi ya Wapokomo. Koo hazikugawana ardhi kwa miraba. Ziligawana kwa vipande virefu vinavyoanzia majini na kuingia bara, ili kila ukoo upate ukingo, bonde na msitu. Wazee wa gasa, baraza lao, ndio walioamua ugomvi wa mipaka. Waorma, wafugaji wa nyika, walikuwa na malka, yaani njia za kupitishia mifugo hadi mtoni, na mkulima aliyepanda ndani ya malka alijua amejitafutia shari. Ukingo mmoja ulilisha jamii mbili kwa sababu hazikuutumia kwa wakati mmoja wala kwa namna moja.

Hata hivyo, ukingo wenyewe haukai mahali pamoja. Tana hukata kona zake na kujifungulia njia mpya, na maziwa kama Shakababo na Bilisa, yaliyo karibu na Ngao na Garsen, yanaishi kwa maji yake ya mafuriko. Vijiji vingi vya mto huu vimewahi kuhama kufuata maji au kuyakimbia. Binadamu naye aliwahi kutia mkono. Katika karne ya 19 watu wa Sultani Ahmed wa Witu, aliyejulikana kama Simba, walichimba mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto Ozi, ili mitumbwi ya nafaka ifike Kau na Kipini bila kupita mdomo wa zamani wa Tana. Kabla karne haijaisha, mto ulikuwa umeuvamia mfereji na kuugeuza njia yake kuu. Ndiyo maana leo Tana inaingia baharini Kipini.

Wazungu walioanza kuandika habari za watu wa hapa walipita wakati wa hofu. Gustav Fischer na Clemens Denhardt walipanda mto mwaka 1878 na kuvikuta vijiji vikiishi chini ya vitisho vya mashambulizi kutoka nyikani. Mwaka 1886 Wamaasai walishambulia misheni ya Wamethodisti ya Golbanti na kumuua mmishonari John Houghton na mkewe. Muda mfupi baadaye Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walianza kazi Ngao. Wakati huo swali la idadi ya watu lilikuwa la usalama: kijiji chenye watu wachache hakikuweza kujilinda, na kijiji kikubwa mno hakikuweza kujilisha kwa kipande chake cha mto.

Serikali ya kikoloni ilikuja na swali jipya. Kuanzia mwaka 1901 ilidai kodi ya kibanda, na kwa miongo kadhaa watu walikadiriwa kwa kuhesabu mapaa. Njia hiyo haikufaa mahali ambapo mkulima ana nyumba kijijini na kibanda kingine bondeni cha kulindia mpunga. Haikufaa kwa mfugaji pia, ambaye nyumba yake hufungwa na kubebwa. Sensa ya kwanza iliyokusudia kuwahesabu Waafrika wote wa Kenya ilifanyika mwaka 1948. Baada ya uhuru, ilikuja ile ya 1969, na tangu hapo kila baada ya miaka kumi. Iliyokuwa wilaya ya Tana River ilikuwa na watu 92,401 mwaka 1979. Miaka 40 baadaye idadi imezidi mara tatu.

Ukingo haukuongezeka mara tatu. Wala maji hayakuongezeka. Kati ya 1968 na 1988 mabwawa ya umeme ya Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere yalijengwa huko juu. Taa ziliwaka mijini, na huku chini mafuriko ya masika na ya vuli, yaliyokuwa yakileta tope na maji ya mpunga, yakapungua na kupoteza majira yake. Mkulima wa Kulesa aliyejua apande lini kwa kuutazama mto alianza kubahatisha.

Kisha ukaja mradi. Mamlaka ya Maendeleo ya Mito Tana na Athi, TARDA, ilianzisha kilimo cha mpunga cha umwagiliaji katika eneo la Wema, Hewani, Kulesa na Gamba kwa mkopo wa Japani. Mipango ilikuwa ya hekta kama 2,000, zikizungushiwa tuta refu la kuzuia mafuriko. Mwaka 1995 mamlaka hiyo ilipata hati ya zaidi ya hekta 28,000 za delta ya Tana, ardhi ambayo koo na wafugaji waliihesabu kuwa yao. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikalibomoa tuta na mashine zikalala. Mto ulichukua bonde lake, lakini hati ilibaki ofisini.

Yaliyofuata yanajulikana na kila mtu wa Garsen. Mwaka 2000 na 2001, wakati upimaji wa ardhi ulipokaribia, wakulima na wafugaji walipigana. Mapigano yakarudi kwa ukali zaidi mwaka 2012. Tarehe 22 Agosti watu zaidi ya 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Kufikia Januari 2013 waliouawa katika vijiji vya delta walikuwa wamepita mia moja, na maelfu wamekimbia makwao. Siasa za uchaguzi wa kwanza wa kaunti zilichochea, lakini kuni zilikuwa zimekauka zamani: malka zilizozibwa, mabonde yenye hati za watu wengine, na mto usiofurika kwa wakati.

Hapa kuna jambo ambalo ramani za idadi ya watu hazionyeshi. Sensa zote tangu 1969 zimefanywa usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Ni wakati ambapo maji ya masika yameshuka, nyika inaanza kukauka na mifugo inaelekea deltani. Ukihesabu usiku huo unawakuta watu wengi kwenye ukanda mmoja mwembamba. Ukirudi wakati wa mvua, wafugaji wako mbali, na huenda baadhi ya wakulima wamehamia sehemu za juu. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yaliwatoa maelfu ya watu wa kaunti hii majumbani. Sensa hutoa namba moja pale ambapo watu wanaishi kwa namba mbili.

Wako wanaoishi kwa namba moja. Levittown, kitongoji cha New York, kilianza kujengwa mwaka 1947 juu ya mashamba ya viazi ya Long Island, na ndani ya miaka minne kilikuwa na nyumba zaidi ya 17,000. Barabara zilichorwa kwanza, watu wakafuata, na mikataba ya kampuni ikaamua nani akae, ikiwazuia watu weusi. Mahali pa namna hiyo eneo na watu huandikwa mara moja, na kinachobadilika ni miaka. Mipango ya delta ya Tana imekuwa ikiandikwa kana kwamba Kulesa ni Levittown.

Dalili za fikra nyingine zipo. Mwaka 2012 delta iliorodheshwa kuwa ardhioevu ya kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Februari 2013 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na wakazi, iliagiza uandaliwe mpango wa matumizi ya ardhi kwa kuwashirikisha wenyeji, na mpango ukatoka mwaka 2015 ukizitambua njia za mifugo pamoja na mashamba. Sensa ijayo ikifuata desturi itafanyika 2029. Ikiwahesabu watu wa Kulesa kwa kilomita za ukingo na za bonde, na kwa majira mawili ya mto, serikali itajua shule, zahanati na malka zinahitajika wapi. Ikiwagawa tena kwa kilomita 35,000 za nyika, itapatikana nchi tupu kwenye karatasi, na atatokea mtu mwingine wa kuiombea hati.