Pilipili ya Nyumbani: Asili Yake Iko Wapi?

Tukikaa mezani hapa Bukavu, mbele ya bugali, sombe na sambaza, kuna kitu kimoja kinachoulizwa mara moja: «Pilipili iko wapi?» Mwenye nyumba akijibu kama imeisha, hata chakula kizuri kinapungua utamu. Wakubwa wetu wanasema ni chakula cha asili, walikiacha bankambo.

Lakini siku moja mu darasa, tulipokuwa tunafundisha juu ya safari za Wareno, mwanafunzi moja wa mwaka wa tano alisimama akauliza: «Mwalimu, kama pilipili ilitoka Amerika, mihogo ilitoka Amerika, mahindi pia, sisi asili yetu iko nini sasa?» Darasa lilicheka. Sisi hatukucheka. Ulizo lile ndilo tunajaribu kujibu hapa.

1. Mmea na safari yake

Mwanafunzi alisema kweli. Pilipili zote tunazopanda nyuma ya nyumba ni za jamaa moja, wataalamu wanaiita Capsicum, na jamaa hiyo ni ya Amerika. Watu wa kule waliilima maelfu ya miaka mbele Christophe Colomb hajafika, mwaka wa 1492. Kisha Wahispania na Wareno waliisambaza duniani kwa mashua zao. Wareno walikuwa wamefika mlangoni mwa mto Congo tangu miaka ya 1480, na pwani ya mashariki tangu 1498. Afrika ilizungukwa pande zote mbili.

Tusifikiri lakini kwamba bankambo walikula bila ukali. Misitu ya Congo ina mmea wake wa kutambaa, Piper guineense, wenye punje ndogo kali, ndugu ya pilipili manga. Ulimi ulikuwa umekwisha kuzoea. Pilipili mpya ilipofika ilikubaliwa upesi, tena haikuomba kazi nyingi: inaota karibu na jikoni, na ndege wanaisambaza wenyewe. Ndege hawasikii ule ukali. Wanakula tunda jekundu na kuangusha mbegu mbali.

Hata wataalamu walipotea juu ya asili yake. Ile pilipili ya mviringo, yenye mikunjo na harufu tamu, inaitwa Capsicum chinense, ni kusema «ya China». Mtaalamu Jacquin aliipa jina hilo mwaka wa 1776, akifikiri imetoka China. Kumbe nayo ni ya Amerika. Jina la kosa limebaki mpaka leo.

2. Jina na njia yake

Jina nalo lilisafiri. Wakongo wa magharibi wanasema «ndungu», na kwa jirani zao wa Angola jina hilo limekuwa «jindungo» mu Kireno. Sisi tunasema «pilipili», jina lililopita Bahari ya Hindi. Mizizi yake iko India, likapitia kwa Waajemi na Waarabu. Mwanzoni lilikuwa la viungo vingine, kama vile ile nyeusi tunayoita mpaka leo pilipili manga. Mmea wa Amerika ulipofika, watu wa pwani waliupa jina la kiungo walichokijua.

Kiswahili kiliingia Maniema na njia za misafara, mu karne ya 19. Nyangwe ilikuwa soko kubwa Livingstone alipofika mwaka wa 1871, na Tippu Tip akajenga nguvu yake Kasongo. Misafara ile ilitafuta pembe na watumwa. Tusiifiche historia hiyo: neno tunalolitamka na furaha mezani lilitembea njia moja na minyororo. Leo Wakongomani wanalitumia hata mu Kifaransa chao, «pili-pili».

3. Kazi ya mkono

Sasa basi, kama mmea ni wa Amerika na jina ni la ng'ambo, chetu ni nini? Tuangalie jikoni.

Mama anachagua pilipili zilizoiva sawasawa, anatoa vikonyo, anaosha, anaacha maji yakauke. Anatwanga mu kinu pamoja na chumvi, kitunguu na kitunguu saumu. Anaweka mafuta ya mawese kwa mbabula, makala kidogo tu, anapika polepole akikoroga mpaka maji yaishe na harufu ifike kwa jirani. Mwishoni anakamua ndimu. Moja anapenda laini, mwengine anataka mbegu zionekane. Siku ya Mungu, kisha misa, tunaonjana: chupa ya nyumba hii inapita nyumba ile, na mabishano yanaanza.

Mafuta yana maana. Kitu kinachowasha, kapsaisini, hakiyeyuki vizuri mu maji, kinayeyuka mu mafuta. Ndiyo maana mafuta yanabeba ukali mu sahani yote, na ndiyo maana mtoto aliyeungua kinywa haponi kwa maji. Wakubwa walimpa mashanza ao tonge la bugali, na walikuwa na haki.

Jambo moja tuliongeze: kitunguu saumu kikikaa siku nyingi ndani ya mafuta bila ukakasi wa kutosha, kinaweza kuzaa sumu isiyoonekana wala kunuka. Kwa hiyo tupike kidogo, tuweke mu chupa safi mahali pa baridi, tumalize mu siku chache.

4. Kwa kumaliza

Hatari tunayoiona si kwamba pilipili ilitoka mbali. Hata sambaza wetu waliletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo nani anawaita wageni? Hatari ni chupa ya kiwanda inayochukua nafasi ya kinu, na vijana wanaojua kula bila kujua kutengeneza. Mmea utabaki, ndege watauchunga. Lakini kipimo cha chumvi, saa ya kutoa motoni, ile mikono inayojua bila mizani, ndege hawawezi kuvichunga.

Yule mwanafunzi tulimjibu hivi: asili ya kitu si pale kilipoota tu, ni pia mikono iliyokitengeneza, kizazi kwa kizazi. Kisha tukamwomba aende kumuuliza nkambo wake namna anavyotwanga, aandike. Alirudi na kurasa mbili, na kidole kinachowasha. Alikuwa amejaribu mwenyewe.