Vyombo vya Nyumbani Vyasimulia Habari za Lubumbashi

Tukisikia neno «historia», wengi wetu twafikiri mara moja wafalme, vita na majina ya wakubwa. Tena tukisikia habari ya nyumba ya makumbusho, twafikiri vinyago na mawe yaliyofungwa katika makabati ya kioo. Kumbe mwaka 2000, katika Makumbusho ya Lubumbashi, yalifanywa maonyesho ya namna nyingine. Wenyeji wa mji waliombwa kuleta picha, vyombo na maneno yao wenyewe. Kazi hiyo iliongozwa na watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kati yao Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, pamoja na mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki. Mwaka 2001 kikatoka kitabu chake Paris, nacho kikapewa jina la Kiswahili: Ukumbusho.

Mtu aweza kuuliza: pasi ya makaa au baiskeli ya babu ina historia gani? Ili kujibu, yafaa turudi nyuma kidogo.

Mji wetu ulianza mwaka 1910, ukiitwa Elisabethville. Mwaka ule ule reli ilifika kutoka kusini, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa mukuba wake wa kwanza. Siku zile wafanyakazi walikuwa wanaume peke yao. Walikuja kwa miezi michache, wakalala kambini kama wapita njia, kisha wakarudi kwao. Wengine waliugua na kufa mbali na ndugu zao. Mahali pale palikuwa pa kazi tu, hapakuwa nyumbani.

Karibu na mwaka 1928 kampuni ya Union Minière iligeuza desturi yake. Ilianza kupendelea wanaume wenye wake, ikawapa mkataba wa miaka mitatu. Haikufanya hivyo kwa huruma tu. Kuwatafuta watu wapya kila mara kulikuwa na gharama kubwa, tena mtu aliyekwisha kuijua kazi afaa kuliko mgeni. Basi wanawake wakaja, watoto wakazaliwa kambini. Posho ikapimwa kwa hesabu ya watu wa nyumba. Shule za watoto zikawekwa mikononi mwa wamisionari, na akina mama wakafundishwa kushona na kutunza nyumba. Hapo ndipo vyombo vilipoanza kuingia: sufuria, kitanda cha chuma, saa ya ukutani, mashine ya kushona, gramafoni. Kila kimoja kilinunuliwa kwa mshahara mdogo, baada ya kungojea siku nyingi.

Lakini tusidanganyike. Nyumba hiyo ilikuwa na mwenyewe, naye ni kampuni. Watu walisema: «Union Minière njo baba, njo mama.» Baba huyu alilisha, tena alipiga. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi waligoma, kwa sababu mishahara haikutosha wakati wa vita. Walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Lubumbashi, na askari wakawapiga risasi. Wengi walikufa pale. Kwa hiyo katika nyumba nyingi picha ya babu aliyevaa suti nzuri imekaa pamoja na habari ya ndugu asiyerudi.

Desturi ya kuweka ukumbusho nyumbani haikuanza mwaka 2000. Katika miaka ya 1970, wachoraji wa Katanga walichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, nao makarani na wafanyakazi wakanunua picha hizo na kuzitundika sebuleni. Wengine walipenda Mamba Muntu, wengine picha ya Colonie belge, ambamo mfungwa apigwa fimbo. Picha za namna hii wachoraji wenyewe waliziita ukumbusho. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora habari za nchi nzima katika picha zipatazo mia moja. Na ule mgomo wa 1941 umo. Mgeni akiingia nyumbani, akiitazama picha ukutani, huuliza. Na mwenye nyumba huanza kusimulia. Ndivyo sebule ilivyokuwa makumbusho, na baba wa nyumba akawa mlinzi wake. Maonyesho ya mwaka 2000 yalifuata njia ambayo watu walikuwa wamekwisha kuifungua.

Na kwa nini yalikuja wakati ule? Kwa sababu nyumba zilikuwa zikimwagika. Mwaka 1967 kampuni ilikuwa imekwisha kuwa mali ya serikali, kisha ikaitwa Gécamines. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na katika miaka iliyofuata mishahara ikakoma kufika. Profesa Dibwe aliandika kitabu juu ya familia hizo, akaziita wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa mara moja. Katika siku zile za shida chombo kilichonunuliwa kwa mwaka mzima kiliuzwa kwa unga wa juma moja.

Nasema neno nililoliona. Nilipokuwa mtoto, mashine ya kushona ya bibi yangu ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa sokoni. Bibi hakulia mbele yetu. Alibakiza kijikopo cha mafuta ya mashine, akakiweka juu ya kabati. Miaka mingi nilikidhani ni takataka. Siku nilipokuwa mtu mzima nikamwuliza, naye akanisimulia mambo ya kambi, mwalimu wake wa ushonaji, na nguo ya kwanza aliyomshonea baba yangu, tangu saa za jioni hata usiku. Sasa bibi hayupo. Kama nisingaliuliza, habari hiyo yote ingalizikwa pamoja naye.

Basi, ndugu wasomaji, yatupasa kufanya nini? Hatuna wote nafasi ya kupeleka vitu makumbusho. Lakini kila mmoja aweza kuchukua picha za zamani na kuandika nyuma yake, kwa kalamu ya risasi, jina la kila mtu, mahali na mwaka. Aweza kuwakalisha watoto karibu na mzee na kusema: «Baba, chombo hiki kilitoka wapi?» Afanye hivyo juma hili hili, maana chombo chaweza kungoja kabatini miaka hamsini, lakini ajuaye habari yake hatangoja.