Baba mdogo anauliza: ninunue sola au nisubiri nguzo?



Majuzi baba mdogo alinipigia simu kutoka Kasoli, Bariadi. Ameuza pamba, fedha iko mkononi, na kitongoji chake bado nguzo hazijafika. Baada ya shikamoo na habari za mvua, akaja kwenye hoja: "Mwanangu, wewe umesoma chuo na unaandika magazetini. Ninunue sola, au nisubiri umeme?"

Nilitaka kujibu haraka nikajizuia. Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na baba mdogo aliwahi kutafunwa na hiyohiyo sola. Nitaeleza. Kwanza turudi nyuma kidogo, maana swali lake lina historia ndefu.

Sola tunayoijua ilianza mwaka 1954, pale wataalamu wa Bell nchini Marekani walipoonyesha kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Kilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida. Miaka minne baadaye, 1958, kikawekwa kwenye setilaiti ya Vanguard 1. Yaani sola ilifika angani kabla haijafika kwa mkulima! Hata mwaka 1977 wati moja ya paneli iligharimu zaidi ya dola 70. Leo haifiki hata dola moja.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, kisa kinachotajwa sana ni cha Meru, Kenya. Mwaka 1984 shule ya sekondari ya Karamugi ilikuwa inafikiria kununua jenereta. Mark Hankins, mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, pamoja na mhandisi Harold Burris, wakaishawishi ijaribu sola. Taa zikawaka madarasani. Walimu wakaona, wakataka za nyumbani, na majirani wakafuata. Soko la Kenya lilikua hivyo, kwa wakulima wa chai na kahawa kununua paneli ndogo kwa fedha zao wenyewe. Huku kwetu Karagwe ilikuwa na chuo cha kufundisha mafundi sola tangu miaka ya 1990, na mwaka 2005 Bunge likapitisha sheria iliyozaa Wakala wa Nishati Vijijini (REA).

Lakini pale Kasoli tuliendelea na chemli na koroboi. Nakumbuka pua nyeusi asubuhi! Kisha bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, ili kuwabana waliokuwa wakiyachanganya na dizeli (mnalikumbuka neno uchakachuaji?). Aliyekuwa akinunua mafuta ya taa kwa kibaba akahisi maumivu. Tochi za Kichina zikaingia kila nyumba. Mwaka uliofuata, 2012, Bariadi ikatoka Shinyanga na kuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Simiyu. Mkoa mpya, giza lilelile.

Hapo ndipo ikaja sola ya kulipa kidogokidogo. Fedha za simu zilikuwa zimeshazoeleka, maana M-Pesa ilianza Kenya 2007 na Tanzania 2008. Kampuni kama M-KOPA kule Kenya na Off Grid Electric pale Arusha zikaja na wazo zuri: chukua mtambo leo, lipa kwa simu, usipolipa unazimwa kwa mbali.

Baba mdogo alichukua mmoja, kampuni naiacha bila jina. Juni hadi Agosti alilipa vizuri. Ilipofika Novemba, fedha ya pamba imekwisha na mahindi hayajaota, mtambo ukazimwa. Dada yangu, binti yake, alikuwa katikati ya mtihani wa kidato cha nne. Alisoma kwa tochi ya simu, na simu ikaishiwa chaji. Baadaye wakaja kuung'oa mtambo, na fedha aliyokwisha kulipa haikurudi.

Kosa liko wapi? Mkataba ule ulitungwa kwa mtu anayepata fedha kila siku. Mkulima wa pamba anaiona fedha mara moja kwa mwaka! Biashara yenyewe haikuwa rahisi hata kwa wakubwa: Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja wengi Tanzania, ilifilisika 2019 ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa.

Sasa hesabu. Kwa mwezi nyumba ya baba mdogo inatumia karibu Sh 11,700 kuchaji simu tatu kwenye kibanda na Sh 6,000 za betri za tochi. Jumla Sh 17,700. Dukani Bariadi ameonyeshwa mitambo miwili: mdogo wa taa nne na kuchaji simu, Sh 250,000, na mkubwa wenye runinga, Sh 850,000.

Ule mdogo unajilipa kwa miezi 14 hivi. Ule mkubwa unahitaji miaka 4, na betri ya asidi ikikamuliwa kila usiku inaweza kufa kabla ya hapo. Ukinunua betri nyingine, hesabu inaanza upya.

Je, nguzo zikifika? Kuunganishiwa kijijini ni Sh 27,000. Mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa Sh 100 kwa uniti, kama Sh 122 ukiweka kodi na tozo. Uniti 20 ni Sh 2,440 tu. Hata ukiongeza gharama ya waya za ndani, mtambo wa 850,000 hauwezi kushindana na bei hiyo. Na umeme wenyewe upo, maana Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 limekamilika. Tatizo ni nguzo kufika kitongojini, na tarehe hakuna aliyempa.

Kwa hiyo nilimjibu hivi: "Baba, nunua ule mdogo. Lipa taslimu sasa hivi pamba ikiwa bado inanuka mkononi, usichukue mkopo wa kila siku. Dai risiti na dhamana ya betri kwa maandishi. Runinga isubiri nguzo."

Akakaa kimya. Kisha akasema: "Sawa. Ila mdogo wako yuko kidato cha tatu. Hii haizimwi na mtu?"

Nikamwambia haizimwi na mtu, baba. Ni yako.

Wewe ungemshauri nini? Nawasilisha.