Picha za Kupatwa kwa Jua za 1919: Darubini Tatu, Hesabu Moja

Mhariri wa utenzi anayefanya kazi na nakala kadhaa za mkono anajua kwamba nakala hazihesabiwi tu, bali hupimwa: moja iliyoandikwa kwa uangalifu yaweza kuzishinda tatu zilizonakiliwa ovyo. Lakini mwenye kupima ataepukaje kuchagua ile inayompendeza? Swali hilo liliwakabili wanafalaki wa Uingereza walipounganisha picha za nyota zilizopigwa kwa darubini tatu zisizolingana.

Tarehe 29 Mei 1919 kivuli cha mwezi kilipita Brazili, kikavuka bahari hadi kisiwa cha Principe, kisha kikaikata Kongo kuelekea Msumbiji. Albert Einstein alikuwa amebashiri kwamba nuru ya nyota ipitayo ukingoni mwa jua hupinda kwa sekunde 1.75 za pembe. Hesabu ya Newton ilitoa nusu tu, yaani 0.87. Arthur Eddington na Edwin Cottingham walikwenda Principe na lenzi ya Oxford. Andrew Crommelin na Charles Davidson walikwenda Sobral, Brazili, na lenzi ya Greenwich pamoja na nyingine ndogo ya inchi 4.

Picha za darubini mbalimbali haziwezi kujumlishwa hivi hivi, kwa kuwa kila darubini ina kipimo chake. Ilibidi kwanza kila picha ilinganishwe na picha ya nyota zilezile iliyopigwa usiku kwa lenzi ileile, jua likiwa mbali, ndipo matokeo yaelezwe kwa sekunde za pembe. Hapo ndipo palipo na hatari. Joto likigeuza kipimo cha darubini, nyota nazo huonekana zimesogea. Mvutano wa jua husogeza zaidi nyota iliyo karibu na jua, ilhali badiliko la kipimo husogeza zaidi iliyo mbali. Nyota zikiwa chache, ni vigumu kuzitenganisha sababu hizo mbili.

Mabamba 7 ya lenzi ndogo yalitoa 1.98. Huko Principe mawingu yalibakiza mabamba 2 tu ya kufaa, yenye nyota 5 kila moja, yalitoa 1.61. Lenzi kubwa ya Sobral ilitoa 0.93, karibu sawa na Newton. Hata hivyo, nyota zake zilikuwa na ukungu, na watafiti walidhani kwamba jua lilikipasha moto kioo kilichoakisi nuru kuingia katika darubini. Matokeo hayo hayakupewa uzito, na tarehe 6 Novemba 1919 ilitangazwa London kwamba Einstein ameshinda.

Je, walipendelea? Wako waliowashutumu hivyo. Lakini taarifa yao ya 1920 ilichapisha pia ile 0.93, pamoja na sababu ya kuitilia shaka, na mabamba yakahifadhiwa. Mwaka 1979 mabamba ya Sobral yalipimwa upya kwa mashine huko Uingereza: lenzi ndogo ikatoa 1.90, na ile iliyokataliwa ikatoa 1.55. Kumbe shahidi huyo hakuwa mpinzani. Sauti yake tu ilikuwa imekwaruza.

Basi uaminifu wa mwenye kuunganisha hauko katika kuzipa shahada zote uzito mmoja. Uko katika kutoificha ile aliyoiweka kando, ili atakayekuja baadaye aweze kuipima tena.