Ufundi Uliorudishwa Enschede

Mashine yaweza kununuliwa kwa fedha. Ujuzi wa kuiendesha hukaa katika mikono ya watu, nao hupotea upesi mikono hiyo itawanyikapo. Habari za kiwanda cha filamu cha Enschede, katika Uholanzi, zathibitisha neno hili.

Mwaka 1947 Mmarekani Edwin Land alionyesha hadharani namna ya kupiga picha na kuipata papo hapo, bila ya kupeleka filamu kusafishwa. Kampuni yake, Polaroid, ilipata sifa duniani kwa ufundi huo. Kamera za dijitali zilipoenea wanunuzi walipungua, na Februari 2008 kampuni ilitangaza kwamba haitatengeneza filamu hiyo tena. Mitambo ya Enschede ilikuwa karibu kuvunjwa. Florian Kaps wa Austria, pamoja na André Bosman, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kazi kiwandani humo, waliinunua, wakawarudisha mafundi kumi wa zamani.

Walakini mitambo haikutosha. Baadhi ya dawa za filamu zilikuwa hazitengenezwi tena. Ikawalazimu mafundi kubuni mchanganyiko mpya. Filamu yao ya kwanza, ya mwaka 2010, ilikuwa na ila nyingi: picha iliharibika isipokingwa na nuru mara itokapo katika kamera. Ila hizo zilipunguzwa kidogo kidogo. Mwaka 2020 kampuni yao, ambayo kwanza iliitwa Impossible, ilitwaa jina lile la kale, Polaroid.

Kama mafundi wale wasingalirudi, mitambo ingalibaki chuma tu. Wahenga walionya mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Aliyeuacha hugundua kwamba kuuhifadhi ujuzi ni rahisi kuliko kuufufua.