Kanisa Dogo la Rabai na Watu Waliolijaza

Katika taarifa hii ya kila mwaka tumezoea kuwaandikia habari za ada, za mazishi na za karo za watoto. Mwaka huu twaomba radhi ya wazee tuandike juu ya jengo: kanisa la Mtakatifu Paulo lililoko Rabai, katika vilima vya nyuma ya Mombasa, lililojengwa mwaka wa 1887. Si kubwa. Mgeni afikapo huuliza nyumba ya Krapf, hulitupia kanisa jicho, kisha huenda zake.

Hatusemi ya kwamba Krapf asikumbukwe. Mwaka wa 1846 yeye na mwenziwe Johannes Rebmann walipokelewa na wazee wa Rabai, nao wazee hao, wenye kaya zao na desturi zao, ndio waliowapa mahali pa kukaa. Jambo hilo husahauliwa upesi mno. Krapf alirejea kwao mwaka wa 1853. Rebmann alikaa hata akapofuka macho, akaondoka mwaka wa 1875, na katika miaka hiyo yote waliobatizwa walikuwa wachache sana. Kanisa la 1887 lilihitajiwa kwa sababu watu wengine walikuwa wamekuja.

Wa kwanza walikuwa William Jones, Ishmael Semler na George David, walioletwa mwaka wa 1864. Hao walikuwa Waafrika waliotekwa utotoni, wakaokolewa katika majahazi ya watumwa, wakalelewa na kusomeshwa Bara Hindi, karibu na mji wa Nasik. Mwaka wa 1885 Askofu Hannington alimpa Jones daraja ya ushemasi, kisha wakashika njia ya Uganda pamoja. Askofu alitangulia, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones alikuwa ameachwa nyuma na wapagazi walio wengi. Ni yeye aliyewarudisha. Mwanzo wa mwaka wa 1886 waliingia Rabai, na mbele yao bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja, Ikabodi, jina la yule mtoto aliyezaliwa siku ya msiba wa Israeli. Mwaka uliofuata kanisa likasimama.

Wa pili, tena wengi zaidi, walikuwa watoro. Mkataba wa 1873 ulifunga masoko ya watumwa na biashara yao ya baharini, lakini haukumfungua aliyekwisha kuwa mtumwa katika mashamba ya pwani. Basi watu walikimbia, na wengi walikimbilia Rabai, wakajenga, wakalima, wakaoa. Mabwana zao walidai warudishwe, na katika mwaka wa 1888 ilikaribia kuwa vita. Ndipo George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipopatana na mabwana hao walipwe fedha. Tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru ziligawanywa pale Rabai. Kwa misheni zote za pwani waliokombolewa walipita 1,400.

Wanachama na watazame tarehe hizo. Tangu 1887 hata siku ile ya hati, mtoro aliyeingia kanisani humo aliingia hali sheria ya nchi ikimhesabu kuwa mali ya mtu. Utumwa wenyewe haukufutwa pwani hata mwaka wa 1907. Kwa fikira zetu, hapo ndipo ulipo urithi wa jengo lile. Makumbusho ya Krapf yalifunguliwa Rabai mwaka wa 1994, nasi twashukuru. Lakini babu zetu waliokuja usiku, bila hati wala viatu, hawana nyumba iliyoitwa kwa jina lao. Wana kuta zile tu.

Wapo wasemao kanisa la zamani lifaa kupanuliwa, au walau kupigwa plasta ya saruji lipendeze. Twawasihi wasifanye haraka. Kuta za kale za pwani zilijengwa kwa chokaa, nazo hupumua. Zikifunikwa kwa saruji, unyevu hubaki ndani na ukuta huoza usipoonekana. Fundi wa chokaa na aulizwe kwanza, kama angali yupo.

Halmashauri yaomba kila mzee ajuaye jina la babu au bibi aliyekuwa mtoro wa Rabai, na mahali alikotoka, amletee katibu kabla ya mkutano mkuu ujao. Karani ataandika. Asiyeweza kufika atafuatwa nyumbani kwake.